Nani Mwenye Bei ya Kitabu? Mgogoro wa Wachapishaji na Amazon katika Historia

Mhakiki wa fasihi aghalabu huanza kazi yake kitabu kikiwa tayari mkononi mwake. Jinsi kilivyomfikia, na kwa masharti ya nani, ni suala analowaachia wafanyabiashara. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo una kasoro, na ushahidi wake unatokana na migogoro ya mikataba baina ya wachapishaji na wauzaji wakubwa wa vitabu huko Uingereza na Marekani.

Mgogoro wenyewe si mpya. Mnamo mwaka wa 1890, Frederick Macmillan alipendekeza kwamba wachapishaji wa Uingereza wawanyime punguzo wauzaji wanaouza chini ya bei iliyopangwa. Pendekezo hilo lilizaa mapatano ya bei maalumu yaliyoanza kutumika mwaka wa 1900. Mwaka wa 1905, gazeti la The Times lilianzisha klabu iliyouza kwa bei nafuu vitabu vilivyokwisha kuazimwa kwa muda mfupi tu. Wachapishaji waliisusia, na ugomvi huo haukwisha hadi 1908. Mapatano yenyewe yalivunjika 1995, wachapishaji wakubwa walipojitoa, na mahakama ikayabatilisha 1997.

Miaka 13 baadaye swali lilirudi kwa sura nyingine. Amazon ilikuwa ikinunua vitabu vya elektroniki kwa bei ya jumla na kuviuza vipya vingi kwa dola 9.99, hata kwa hasara. Januari 2010, kampuni ya Macmillan, yenye jina lile lile, ilitaka ijipangie bei na kumwachia muuzaji asilimia 30. Amazon ikasitisha uuzaji wa vitabu vyake, vya karatasi na vya elektroniki, kisha ikasalimu amri baada ya siku chache. Mwaka wa 2012, Serikali ya Marekani iliishtaki Apple pamoja na wachapishaji watano kwa kula njama ya kupandisha bei. Wachapishaji walipatana na Serikali. Apple ilishindwa mahakamani 2013.

Mwaka wa 2014 ikawa zamu ya Hachette. Mazungumzo ya mkataba yalipokwama, Amazon ilichelewesha usafirishaji wa vitabu vya Hachette na kukataa kupokea maagizo ya vile ambavyo havijatoka. Agosti mwaka huo, waandishi zaidi ya 900 walitia saini barua iliyochapishwa katika The New York Times, wakipinga vitabu vyao kufanywa silaha. Hata hivyo, wengi waliojichapishia kazi zao waliiunga mkono Amazon, maadamu iliwapa hadi asilimia 70 ya mauzo. Maafikiano yalipatikana Novemba: Hachette ikabaki na uwezo wa kupanga bei ya vitabu vyake vya elektroniki.

Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia. Waandishi hao hawakuwa upande wowote wa mkataba uliogombaniwa, ilhali riwaya ya kwanza iliyokosa wanunuzi katika miezi hiyo huenda ilimnyima mwandishi wake nafasi ya kuchapisha ya pili. Kwa hiyo hapana budi mhakiki ajiulize, kabla ya kusifu au kulaumu kimya cha mwandishi, iwapo kimya hicho kilitoka kwake au kilitoka katika mkataba asioutia saini.