Hodi Bila Kitambulisho

Mwaka jana akaunti yangu ya barua pepe ilifungwa. Niliambiwa nimekiuka masharti. Sharti lipi, sikuambiwa. Humo nilikuwa nimejitumia mahojiano 11 ya tasnifu yangu, pamoja na sauti ya mzee mmoja aliyefariki wiki mbili baada ya mazungumzo yetu. Nilikata rufaa mara tatu. Majibu yote yalifanana neno kwa neno.

Kwa hasira nikakodi seva ndogo, nikasajili kikoa, nikawa posta yangu mwenyewe. Ndipo nilipoanza kusoma ilikuwaje posta zikaishia mikononi mwa wachache.

Agosti 1982, Jon Postel wa Chuo Kikuu cha Southern California alichapisha itifaki ya SMTP, ambayo hadi leo hubeba barua pepe. Utaratibu wake ni rahisi: mashine inabisha hodi kwa nyingine, inamtaja mtumaji na mpokeaji, kisha inakabidhi barua. Hakuna aliyedai kitambulisho. Mtandao ulikuwa kijiji cha vyuo na maabara, na kila taasisi iliendesha seva yake, nyingi kwa Sendmail, programu ya Eric Allman wa Berkeley.

Ila kijiji hakikosi wajanja. Tayari Mei 1978, Gary Thuerk alikuwa ametuma tangazo la kompyuta kwa watu takriban 400 wa ARPANET ambao hawakuliomba. Miaka ya 1990 wajanja wakawa jeshi. Seva zilizopokea mzigo wa yeyote na kuupeleka kokote ziligeuzwa punda wa barua taka. Zikaja orodha za anwani zilizofungiwa, kisha njia za kumthibitisha mtumaji: SPF, DKIM, DMARC. Hodi peke yake haikutosha tena.

Wakati huohuo, Hotmail ilifungua milango Julai 4, 1996. Aprili 1, 2004 ikaja Gmail na gigabaiti 1 ya bure, wakati wengine wakitoa megabaiti chache. Nani angeendelea kukesha na seva? Watu walihama, na kadiri walivyohama, ndivyo kampuni hizo zilivyopata uwezo wa kuamua barua ya nani ni safi.

Uamuzi huo ulinifikia. Nilikamilisha kila uthibitisho, lakini namba ya mtandao niliyokodishiwa ilikuwa na sifa mbaya iliyoachwa na mpangaji aliyenitangulia. Barua niliyomwandikia binti wa marehemu, kukiri kwamba nimepoteza sauti ya baba yake, ilikaa kwenye barua taka siku 40.

"Mwanangu," aliniambia nilipompigia simu, "nilidhani umeichukua sauti ya baba ukatusahau."

Leo napokea barua kwenye seva yangu, ila kutuma napitia kwa mtoa huduma ninayemlipa. Nakala ziko kwenye diski mbili, moja yao nimempa mama huyo. Ina sauti za watu kumi. Ya baba yake haimo.