Ng'ombe wa Masisi: kutoka mlimani hadi zizini

Mwenye kupanda barabara kutoka Sake kwenda Mushaki, katika Masisi, huona milima ya majani mabichi na ng'ombe. Wengi hufikiri milima hiyo imekuwa malisho tangu zamani. Sivyo. Sehemu kubwa ilikuwa msitu na mashamba ya wakaaji.

Kati ya mwaka wa 1937 na 1955, serikali ya Wabelgiji ilihamisha watu kutoka Rwanda na kuwapa makao Masisi, ili wazungu wapate wafanyakazi wa mashamba yao makubwa. Mwaka wa 1973, Rais Mobutu aliamuru mali za wageni zipewe Wazaire. Waliopata mashamba hayo, hasa wenye cheo na pesa, wengi waligeukia ng'ombe. Kahawa na chai vinadai mikono mingi. Kilima cha ng'ombe kinadai wachungaji wachache tu. Malisho yakapanuka, na wakulima wengi wakabaki bila udongo.

Ng'ombe hao, wengi wao damu ya Brune des Alpes iliyotoka Ulaya, walilala nje kwenye mvua na baridi. Nani ajenge paa, na ardhi iko tele?

Vita vilivyoanza mwezi wa tatu 1993 vilijibu. Ng'ombe wa mlimani aliibiwa wa kwanza, akachinjwa au akapelekwa mbali. Vita vya 1996 vilipofika, makundi mengi yalikuwa yamekwisha.

Ng'ambo ya mpaka, Rwanda ilianzisha mpango wa Girinka mwaka wa 2006: jamaa maskini inapewa ng'ombe mmoja, na inamfuga zizini. Kivu pia wako wanaofuga hivyo.

Ng'ombe wa nyama asiyepanda milima kutwa hunenepa upesi, kwa sababu nguvu ya chakula haiishii miguuni. Lakini zizi baya ni gereza. Ng'ombe wa kilo 400 anataka karibu kilo 40 za majani mabichi kwa siku, na maji ndoo mbili au tatu. Paa lisivuje, upepo upite, sakafu iwe kavu yenye mteremko, na kila mmoja apate nafasi ya kulala. Akilala kwenye matope kwato zinaoza, na chakula kinaishia kupambana na baridi. Samadi inakwenda kwenye maharagwe.

Zizi halizuii bunduki. Na kwa jamaa zilizokimbia Masisi, shida ya kwanza si paa la ng'ombe; ni udongo wa kuotesha majani. Ila bibingo huota hata kandokando ya shamba, na mizizi yake hushika udongo usichukuliwe na mvua. Ng'ombe wa zizini hadai kilima kizima. Siku watu watakaporudi na kuanza kuongea habari ya mashamba, hilo lisisahauliwe: ng'ombe na maharagwe vinaweza kukaa mlima mmoja.