Oksijeni ni 8 au 16? Ugomvi wa Miaka 50

Leo tuweke programu kando kidogo tuingie maabara.

Gramu 9 za maji zina gramu 1 ya haidrojeni na gramu 8 za oksijeni. Mizani haikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa: hiyo 8 ni uzito wa nini?

Mwaka 1808 Mwingereza John Dalton alichukulia kwamba maji ni atomu moja ya kila upande, yaani HO. Kwa hesabu hiyo atomu ya oksijeni ina uzito wa 8 (vipimo vyake mwenyewe vilitoa 7). Mwaka 1811 Mwitaliano Amedeo Avogadro akasema gesi zenye ujazo sawa, joto sawa na kanieneo sawa zina idadi sawa ya molekuli. Maji hutumia haidrojeni mara mbili ya oksijeni kwa ujazo, basi ni H2O, na oksijeni ni 16. Wachache sana walimsikiliza.

Mwaka 1814 William Wollaston akapendekeza njia ya tahadhari: tuachane na atomu tusizoziona, tutumie uzito linganifu, yaani kiasi cha kitu kinachotosheleza kingine katika mmenyuko. Leo uhusiano tunaujua:

uzito linganifu = uzito wa molekuli ÷ n

Kwa asidi, n ni idadi ya haidrojeni inazotoa. Asidi ya salfa ina 98 na hutoa 2, hivyo 49. Sodiamu haidroksaidi ni 40 ÷ 1. Basi gramu 49 za asidi humalizana sawasawa na gramu 40 za besi hiyo.

Taabu ni hiyo n. Kaboni ni 6 ndani ya CO, lakini 3 ndani ya CO2! Mtu wa hifadhidata ataelewa: huo si ufunguo mkuu, maana hubadilika kila ukifungua jedwali jingine. Vurugu zilifika mahali August Kekulé akaorodhesha fomula 19 za asidi moja tu, ile ya siki.

Septemba 1860 wanakemia zaidi ya 120 walikutana Karlsruhe, Ujerumani. Mkutano haukufikia uamuzi. Lakini mwishoni kiligawiwa kijitabu cha Stanislao Cannizzaro cha mwaka 1858, kilichofufua hoja ya Avogadro. Lothar Meyer alikisoma akasadiki. Dmitri Mendeleev naye alikuwepo. Mwaka 1869 alitoa jedwali lake la elementi, ambalo lisingepangika kwa namba zilizochanganyika.

Je, uzito linganifu ulikufa? La. Hospitalini chumvi za damu bado hupimwa kwa mEq. Potasiamu milimoli 1 ni mEq 1, lakini kalsiamu milimoli 1 ni mEq 2. Ukisoma kipimo kimoja badala ya kingine, dozi ya kalsiamu inakuwa maradufu au nusu.

Namba bila kipimo chake haijasema kitu.