Mahali pa protini katika seli za saratani ya matiti

Mahali pa protini ndani ya seli ni jambo linaloathiri jinsi saratani ya matiti inavyokua na inavyotibiwa. Protini ileile inaweza kuzuia uvimbe ikiwa sehemu moja ya seli, na kushindwa ikihamia nyingine. Sehemu zinazohusika zaidi ni kiini, saitoplazimu na utando wa seli.

Mifano

Protini p27 ikiwa ndani ya kiini huizuia seli isigawanyike ovyo. Mwaka 2002 watafiti walionyesha kwamba katika baadhi ya saratani za matiti kimeng'enya kiitwacho Akt huibadili p27, ikabaki katika saitoplazimu. Huko haiwezi tena kuzuia mgawanyiko wa seli.

Kipokezi cha estrojeni hukaa hasa katika kiini. Homoni hiyo ikishikana nacho, jeni za ukuaji huamshwa. Dawa ya tamoksifeni huchukua nafasi ya homoni kwenye kipokezi. HER2 hukaa kwenye utando na kupeleka ndani ishara za ukuaji; dawa ya trastuzumabu huishika kwa nje.

Upimaji

Mtaalamu wa patholojia hutia rangi maalumu kwenye vipande vyembamba vya uvimbe, kisha hutazama kwa hadubini rangi imekaa wapi. Kipokezi cha estrojeni huhesabiwa kuwa kipo ikiwa angalau 1% ya viini vya seli za saratani vimeshika rangi. Kwa HER2 huhesabiwa rangi ya utando tu. Ile ya saitoplazimu huachwa.

Shinyanga na Geita

Wagonjwa wa mikoa hii, pamoja na wale wa maeneo ya machimbo ya dhahabu, hupewa rufaa kwenda Hospitali ya Bugando, Mwanza, ambayo hutibu saratani. Sampuli ikichelewa kutiwa katika formalini, protini huharibika, na kipokezi kilichopo huweza kuonekana hakipo. Hapo mgonjwa hukosa dawa ambayo ingemfaa. Miongozo ya kimataifa hutaka sampuli itiwe katika formalini ndani ya saa 1 na ikae humo saa 6 hadi 72. Kwa hiyo sampuli ya kutoka Kahama au Geita inahitaji formalini palepale inapokatwa, kabla ya safari ya Mwanza, na saa ya kukatwa iandikwe kwenye fomu.