Majina ya Visanduku vya Barua-pepe na Herufi Zisizo za ASCII

Katika makala haya tunakusudia kueleza kwa ufupi asili ya jambo linalowatatiza wafasiri na watumishi wa ofisi: kwa nini jina la kisanduku cha barua-pepe lililoandikwa sawasawa huonekana mara nyingine kama fujo ya alama.

Msimbo wa ASCII ulitolewa Marekani mwaka 1963. Nafasi zake ni 128 tu, nazo zilikitosha Kiingereza. Itifaki ya IMAP, aliyoibuni Mark Crispin mwaka 1986, iliurithi ufinyu huo. Mjerumani aliyetaka kukiita kisanduku chake Entwürfe, yaani rasimu, hakuwa na njia ya kuiandika ü. Toleo la mwaka 1996 lilileta utaratibu wa UTF-7 iliyorekebishwa: herufi ngeni husimbwa kwa herufi za ASCII, zikitanguliwa na alama & na kufungwa kwa kistari. Hivyo jina hilo huhifadhiwa kuwa Entw&APw-rfe, na programu ya msomaji hulirudisha katika sura yake. Alama & yenyewe huandikwa &-.

Yaweza kudhaniwa kuwa Kiswahili kimesalimika, kwa kuwa herufi zetu sanifu zote zimo katika ASCII. Sivyo. Baadhi ya programu huigeuza alama ya ng' ikawa yenye kupinda, ambayo haimo. Basi kisanduku cha Ng’ombe huhifadhiwa kuwa Ng&IBk-ombe. Naye aandikaye Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, jina lake lote husimbwa.

Hapa ndipo istilahi inapodai uangalifu. Kusimba si kuficha siri. Aujuaye utaratibu huu hulisoma jina bila ya ufunguo wowote. Kazi ya kuficha na tuiite usimbaji fiche. Wala jina hilo halikuharibika. Karani akiambiwa kuwa jina "limeharibika", aweza kukifuta kisanduku pamoja na barua zilizo salama ndani yake.

Mwaka 2013 IMAP iliruhusiwa kutumia UTF-8, na toleo la mwaka 2021 likaifanya kuwa kawaida. Hata hivyo, seva za zamani zingalipo. Kwa hiyo twapendekeza miongozo ya ofisi na vitabu vya kufundishia viseme "jina lililosimbwa", visiseme "jina bovu".