Kuchimba Dawa

Msafiri wa basi kati ya Arusha na Dar es Salaam anaufahamu msemo huu. Basi husimama porini, kondakta akatangaza kuwa wa kuchimba dawa washuke, na abiria wakatawanyika vichakani, wanaume upande huu wa barabara na wanawake upande ule. Hakuna anayebeba jembe. Msemo ni wa kuficha aibu, lakini tangu nistaafu nimeutafakari mara nyingi, na naona waliouanzisha walisema kweli kuliko walivyokusudia. Kwa msafiri, nafasi ya kujisaidia ni dawa, tena aghalabu ndiyo dawa pekee anayoihitaji.

Tumbo la safari, msomaji, ni la namna mbili. Kuna la kuendesha, ambalo huletwa na maji na chakula kichafu, na juu yake pameandikwa mengi. Kuna na la kufunga choo, ambalo watu hulichukua kimya kimya hadi siku ya nne au ya tano. Hili la pili ndilo ninalotaka kulizungumzia.

Utumbo mpana una saa zake. Usiku hutulia, mtu anapoamka nao huamka, na baada ya chakula cha asubuhi husukuma kwa nguvu zaidi. Wataalamu watatu wa Marekani, Hall, Rosbash na Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kueleza jinsi saa ya mwili inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Sisi tunaosema Kiswahili tusingeshangaa sana, kwani saa yetu huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na hapa chini ya Mlima Meru jua halibadili sana wakati wake mwaka mzima. Sasa mtazame mtu wa Tengeru anayekwenda Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 600. Ameamka saa tisa usiku ili asiachwe na basi. Saa ya utumbo wake inapofika, yeye amebanwa kitini. Loshoro na ndizi za nyumbani ameziacha, amekula mkate na soda. Maji hanywi, kwa kuogopa kumwomba dereva asimame. Atashangaa nini tumbo likigoma?

Wazee walilijua jambo hili na walikuwa na dawa zake. Watu wa pwani walitumia sanamaki, majani ambayo jina lake la Kiarabu linaonyesha yalikotoka, yaani Makka. Walikuwa pia na haluli na mafuta ya nyonyo, ambayo watoto wa enzi zetu waliyaogopa kuliko fimbo. Huku kwetu, Wamaasai na Waarusha wanapokwenda orpul, ile kambi ya porini ambako wanaume hula nyama kwa siku nyingi mfululizo, supu huchemshwa pamoja na magome na mizizi, kama vile ya olkiloriti, ili nyama isilale tumboni. Waliona kwamba aliyehama nyumbani na kubadili chakula anahitaji msaada, wakauweka msaada huo ndani ya chungu kilekile.

Ulaya walikwenda njia nyingine. Katika karne ya 17 walikuwapo watu waliomeza kidonge cha antimoni, metali yenye sumu, ambacho kiliukera utumbo hadi ukafunguka. Kidonge chenyewe hakikuyeyuka. Kilitoka kama kilivyoingia, kikatafutwa, kikaoshwa, kikawekwa kabatini kumngojea mgonjwa mwingine, na kilirithiwa kutoka kwa baba hadi kwa mwana. Naomba msomaji asicheke mno. Hicho kilikuwa chombo cha kumezwa, babu wa vyombo vya leo.

Vyombo vya leo vilianza mwaka 1957, transista zilipokuwa zimekwisha kuwa ndogo vya kutosha. Jacobson wa Sweden na Mackay wa Marekani walitengeneza kidonge cha redio ambacho, kikiwa ndani ya tumbo, kilituma habari za hali ya humo. Mwaka 2000 Iddan wa Israeli na wenzake walitangaza kidonge chenye kamera. Kisha mwezi Agosti 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha kapsuli iitwayo Vibrant, ambayo haina dawa yoyote ndani yake. Ina mota ndogo. Mtu huimeza, nayo husafiri kimya kwa saa kadhaa hadi wakati iliopangiwa, ikaanza kutikisika na kuuchokoza ukuta wa utumbo, ikapumzika, ikatikisika tena, na mwishowe ikatoka na choo. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2023, kama watu 39 katika kila 100 walioimeza walipata nafuu iliyokusudiwa, dhidi ya 22 katika kila 100 waliopewa ya bandia. Si haba, ingawa si muujiza. Tena iliidhinishwa kwa watu wazima wenye ugonjwa wa muda mrefu wa kufunga choo ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia. Haikuidhinishwa kwa wasafiri, ingawa anayepanda ndege hapa Kilimanjaro na kushuka nchi ambako mchana wake ni usiku wetu atatamani sana kitu cha kuikumbusha mwili saa yake.

Mimi nakistahi chombo hiki, kwa sababu wabunifu wake waliiheshimu saa ya mwili. Lakini kapsuli hii humdhania mtu ambaye choo ki karibu naye, na kilichopotea ni mwendo wa utumbo tu. Kwetu aghalabu mambo ni kinyume.

Mwaka 1973, nikiwa mwalimu kijana, nchi iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikusanyika kwenye vikundi kando ya redio kwa wiki 12, na vyoo mamia ya maelfu vilichimbwa. Ilikuwa kazi kubwa, na sijaona nyingine ya kuilinganisha nayo. Hata hivyo vyoo vile vilichimbwa majumbani. Aliyetoka nyumbani, awe abiria au mwanafunzi wa bweni, alibaki palepale.

Miaka kumi baadaye nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu. Kengele ililia saa kumi na moja alfajiri, mchakamchaka ukafuata, kisha usafi, uji na darasa. Matundu ya choo yalikuwa machache na milango mingine haikufunga. Alikuja kijana kutoka Kigoma, siku tatu njiani, mpole, hakujua amwambie nani. Siku ya tisa alianguka gwaride likiendelea, tumbo gumu kama ubao, akitapika. Hospitalini walihofia utumbo umejisokota, wakaandaa kisu. Bahati, enema ilitosha. Matroni wetu alinivuta kando akasema, "Mwalimu, huyu mtoto hana ugonjwa. Hana nafasi."

Nilipopewa chuo changu cha kuongoza, nilichimbisha matundu kumi na mawili kabla ya kununua hata dawati moja, yakatiwa milango yenye komeo, na baada ya uji nikaacha nusu saa isiyo na kengele. Mkaguzi mmoja aliiandika nusu saa ile kuwa ni muda unaopotea. Niliiacha ipotee hadi nilipostaafu.

Kijana yule wa Kigoma naye sasa ni mwalimu mkuu mstaafu. Ndiye aliyenieleza habari za kapsuli ya mota, maana binti yake ni daktari na alikuwa amemsimulia. Alichotaka kujua kwangu ni kama kitu kile huokotwa na kuoshwa, kama kile cha antimoni nilichokuwa nikiwasimulia darasani. Nikamwambia hapana, hutumika mara moja tu. Akaniuliza, basi kwenye choo cha shimo? Nikamjibu kwamba kinatumbukia humo na betri yake, na hakuna wa kukifuata.