Istilahi Zilizojificha katika Bao

Kabla reli ya Tabora hadi Mwanza haijapita Bukene, misafara ya pembe na shanga ilikuwa imekwisha kukieneza Kiswahili Unyamwezini. Pwani walikuwa na bao. Wasukuma, majirani wa Bukene, wana isolo, mchezo wa jamii hiyo hiyo. Twataka kuonyesha kwamba mchezo huu ni ghala la istilahi ambalo wengi wetu hatujalifungua.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mchezaji hutandaza kete 10, sita kati yake zikiwa katika shimo liitwalo nyumba. 22 husalia mkononi. Awamu ya kuziingiza moja moja huitwa namua. Zikiisha, huanza mtaji, ambapo mtu hutegemea kilichomo ubaoni tu. Kucheza bila kula ni kutakata. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, mchezaji amelala. Mashimo ya pembeni yana majina yake: kichwa na kimbi.

Mfasiri anayeujua mtaji wa dukani pekee atapotosha maana. Tena, tangu Baraza lilipoundwa mwaka 1967 tumetafuta maneno ya fani mpya. Leo hata michezo ya kompyuta yadai majina ya hatua zake. Tusikimbilie kukopa kabla ya kuwauliza wazee wachezao bao. Wakiondoka bila kuandikwa, maneno hayo yataondoka nao.